King'ora Kililia

Julai, Temuco. Moshi wa kuni umelala juu ya mapaa
kama paka asiyetaka kuamshwa.
Nakata nta. Ndani ya nta mna pafu,
ndani ya pafu mna miezi saba ya mtoto
aliyeandikwa kwenye kibandiko: M-17, kushoto, chini.
Jina lake sipaswi kulijua.
Nalijua. Lientur.
Mama yake alimtajia mlinzi wa mlangoni
mara mbili, herufi moja moja,
kama mtu anayekabidhi vyombo vya udongo.

Wembe hupita. Utepe wa nta huelea kwenye maji ya vuguvugu,
mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu,
nami naunasa kwa kioo, pumzi nimeibana:
ukipumua tu, umeupoteza.
Nisikilize nilivyosema.
Ukipumua tu.

Vitabu vilinifunza nitazamie fujo,
chembe nyeupe zimesongamana kama watu wa gulioni,
mwili uliopandwa na hasira hata ukaichoma nyumba yake
ili kumtoa mwizi.
"Utaona dhoruba, Ercilia," alisema Dakta Oyarzún.
Nikatia rangi. Nikainamia hadubini.

Hapakuwa na dhoruba.
Hudhurungi tu, hudhurungi ya virusi
ukuta kwa ukuta, chumba kwa chumba,
vijia vya hewa vimezibwa na vifusi vya kuta zao wenyewe;
na zile chembe zilizozaliwa kwa kazi ya kuua
nilizihesabu kwa vidole,
na vidole vikabaki.

Kaka yangu Belarmino ni mzimamoto wa kujitolea,
mchana huuza misumari.
King'ora kikilia huiacha mizani ikibembea,
mteja ameduwaa, yeye huyoo, na aproni yake.
Lakini usiku mmoja wa mvua kililia, kikalia,
na kila mmoja, blanketi limempata vizuri,
akadhani mwenzake ameshatoka.
Nyumba ya mbao ya dada wawili
iliteketea bila hata ndoo moja.
Belarmino hajalizungumza.
Tangu hapo hulala na soksi.

Ndivyo nilivyoliona pafu.
King'ora kililia ndani ya damu, kililia sana,
na hakuna aliyeinama kufunga kamba za viatu.

Hadi hapo naweza kuapa. Mbele yake nabahatisha.
Maana nimlinganishe na nani?
Waliopona walirudi nyumbani na mapafu yao,
wanapuliza mishumaa ya keki, wanapayuka uwanjani,
hawatuachii hata kipande.
Ninacho kioo kimoja cha mtoto aliyegongwa na lori
barabara ya Villarrica. Pafu lake zima, safi,
halina habari ya kunipa.
Je, zilichelewa? Zilifika zikafa mlangoni?
Au miezi saba ni michache mno
kwa damu kujua adui ana sura gani?

Alhamisi mama yake alikuja kuchukua cheti.
Shali ya sufu, harufu ya moshi, mikono mitupu
isiyojua iwekwe wapi.
Aliniuliza mimi kwa kuwa nilivaa koti jeupe:
"Ni mimi niliyechelewa?"
"Si wewe," nilisema, upesi kuliko nilivyoruhusiwa.
"Na yeye? Watu wote wananiambia alipigana kama puma."

Nikaiona ile hudhurungi. Nikaviona vidole vyangu vilivyobaki.

"Alipumua," nikasema. "Mpaka mwisho,
alikuwa anapumua."

Akaitikia kwa kichwa. Cheti akakikunja mara nne,
kikawa kidogo sana.
Ikagonga saa sita, na king'ora cha majaribio kikalia
kama kinavyolia kila mchana, si moto, si lolote;
nasi tukasimama pale koridoni, yeye na mimi,
tukisikiliza kama kuna miguu inayokimbia.